Shubiri niliyompa mbwa wa Bibi Helen

Jamani, leo nimempa mbwa sumu, halafu mwenye mbwa ndiye aliyeniomba radhi.

Bibi Helen, mwenye nyumba wangu hapa Richfield, ughaibuni ninakosoma, alikuwa ametoka. Mbwa wake Rosie amejikunja tu, hataki kula.

Nikakumbuka kuku wa mama kule Moshi. Wakianza kusinzia, tunawatilia shubiri kwenye maji.

Na shubiri ilikuwepo, kwenye chungu dirishani. Nikakata jani, nikalikamulia kwenye mchuzi wa nyama ili asikatae.

Akalamba wote.

Bibi aliporudi, Rosie alikuwa ametapikia zulia zima. Tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Akasema atapona, ila amekula shubiri, na kwa mbwa ni sumu.

Bibi akanishika mkono. "Nisamehe kwa usumbufu. Ni kosa langu, niliuacha mmea karibu, akautafuna."

Nikamjibu, "Pole, bibi."

Basi. Pole tu.

Tulipofika nyumbani akautupa ule mmea. Alipewa na marehemu mumewe.

Sasa nipo chuoni kwenye kompyuta, nimejificha. Jioni ananipikia, kunishukuru kwa kumwangalia Rosie.

Nyie mngeanzia wapi kumwambia ukweli?