Shikamoo Baada ya Msumeno Kusimama

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Misungwi, Fundi Mkuu hakunionyesha gogo wala mbao. Alinisimamisha mbele ya mashine, ile ndogo ya kupasulia mbao inayokokotwa hadi miti ilipo, akaniamuru nikunje mikono ya shati juu ya viwiko. Kisha akasema, "Msumeno ukizunguka, hapa hakuna shikamoo. Hata akija baba yako."

Nilidhani ni jeuri tu. Kwetu mkubwa akifika unaacha ulichoshika, unamgeukia, unainama. Ndivyo alivyofanya yule niliyerithi nafasi yake: alimgeukia mjomba wake huku mkono uko kwenye meza ya mashine. Injini ilikuwa imeshazimwa, lakini msumeno wa duara huendelea kuzunguka kimyakimya baada ya injini kunyamaza. Vidole vyake vilikatikia hapo.

Tulipohamia Kigongo, karibu na kivuko, nilikuwa nimeshaposa binti wa Busisi, ng'ambo ya pili. Siku moja baba yake alivuka, akapita kuniona. Gogo la mkaratusi lilikuwa nusu ndani ya msumeno. Nilimwona amesimama, anangoja kuamkiwa. Nikaendelea kusukuma kwa kipande cha ubao, maana kiganja hakisogezwi karibu na meno. Nikazima injini, nikayakodolea macho yale meno hadi yakaonekana mojamoja. Nilipogeuka, mzee alikuwa ameshika njia. Nikamkimbilia na shikamoo yangu, hakuitikia.

"Umeniacha nimesimama kwa ajili ya gogo," alisema. "Binti yangu utamwacha kwa ajili ya nini?"

Nilijua nimeshakosa mke. Fundi Mkuu akamfuata hadi kivukoni, akamsimulia habari za yule aliyekatika vidole. Wiki iliyofuata mzee alirudi. Akaketi kwenye magogo, mbali, hadi msumeno ukatulia kabisa.

"Haya," akasema, "sasa niamkie."

Binti yake nikamwoa. Miaka yote, kila alipopita tulipokuwa tukipasua, mzee aliketi kwenye magogo vilevile, na mpita njia akinipigia kelele za salamu, yeye ndiye aliyemkaripia.

Sasa nimestaafu, naishi Kiseke, na vidole vyangu ninavyo vyote. Vijana wa mashine huniuliza siri. Hakuna siri, kuna kungoja tu, na kungoja kunachosha. Siku ya mwisho kazini nilizima injini, nikangoja meno yasimame, nikageukia magogo. Mzee tulikuwa tumeshamzika. Nikainama hivyo hivyo, nikasema shikamoo.