Kilomita ya Arobaini na Moja

Siku niliyofukuzwa darasa la nne, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu asisikie. Nilimfunga mbuzi wa mwalimu kwenye kamba ya kengele, shuleni kwetu Muheza. Mbuzi akivuta tu, kengele inalia, watoto wanatoka darasani wakidhani ni mapumziko. Nilichapwa, nikarudishwa nyumbani, na kusoma kukaishia hapo. Lakini namba nilikuwa nazo tayari. Kwa kuhesabu, nani aliniweza?

Namba hizo ndizo nilizokuja nazo Guangzhou. Kichina sijui mpaka leo, ila bei naisoma hata kwa mbali. Basi kuna siku, bado nina nywele nyeusi, tulikuwa tunakwenda kiwandani, mji wa Zhongshan, kukagua chupa za chai, mimi na shemeji yangu Saidi, kwenye barabara kuu ya kulipia. Anatuendesha mzee mmoja wa Kichina, tunamwita Shifu kama wanavyoitwa madereva wote huku. Saidi naye, mdomo haukai.

"Shemeji, ona kibao kile. Njia ya kutokea namba thelathini na saba! Mimi tangu tupite geti nimehesabu nne tu."

"Wamekosea," nikamjibu, utadhani mimi ndiye mkaguzi.

Tukacheka. Hatujakwenda mbali, Shifu akasogeza gari pembeni, akazima. Kashika kifua, jasho linamtiririka, uso kama majivu.

Malori yanapita mpaka gari linatikisika, na sisi Kichina chetu ni "bei gani" na "punguza". Nikampigia Rehema, binti wa Tanga aliyekuwa akisafirisha mizigo ya watu pale Tianxiu, jengo la wafanyabiashara lenye ofisi yangu. Yeye Kichina anakizungumza kama cha kwao.

"Shifu anakufa! Ita gari la wagonjwa!"

"Mko wapi, Baba Mwanaidi?"

"Tumepita bango la friji. Kuna migomba, na jengo lenye paa la bluu." Si ndivyo tunavyoelekezana kwetu?

"Migomba ipo kila mahali! Njia ya kutokea ya mwisho mmepita namba ngapi?"

"Thelathini na saba, lakini namba zao za uongo, sisi tumehesabu..."

"Hazihesabu njia, zinahesabu kilomita tangu barabara inapoanzia! Pembeni kuna vibao vya kilomita, na vidogo vya kila mita mia. Kimbia ukasome. Upite nje ya vyuma vya pembeni!"

Nikabisha. Sikufichi. Binti mdogo ananifundisha namba, mimi! Nikaanza tena habari za migomba. Saidi, aliyekuwa anampepea Shifu kwa kipande cha boksi, akanifokea: "Shemeji, huyu anakufa na wewe unashindana! Nenda!"

Nikaruka vyuma, nikakimbia kurudi tulikotoka. Vibao vidogo: tatu, mbili, moja. Halafu kile kikubwa: arobaini na moja. Nikapiga kelele kwenye simu: "Arobaini na moja, na mita mia tatu! Tunaelekea Zhongshan!"

Gari la wagonjwa halikututafuta, mwanangu. Lilikuja moja kwa moja, likasimama nyuma yetu. Shifu akapona.

Najivuna, na sioni haya kusema. Mimi wa darasa la nne, kwenye nchi nisiyojua kusoma hata jina la mtaa, nilisoma namba na mtu akaishi. Ila zile dakika nilizobishana zinaniuma hadi leo.

Kwa hiyo ukiingia barabara zile, usilale kama mzigo. Jua unaelekea mji gani, na kibao cha kilomita kikipita, kisome, hata dereva awe wako wa miaka. Na anayejua akikwambia kimbia, kimbia kwanza, hata kama ni mdogo kwako. Heshima yako utaikuta ukirudi. Mungu akufikishe kila unakokwenda, na wakupendao wakupokee ukiwa mzima.

Shifu? Alipotoka hospitali alikuja Tianxiu, akaniwekea mfuko wa mapea mezani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno mengi, na Rehema hakuwepo wa kunitafsiria. Nikaitikia tu kwa kichwa. Akageuka, akashuka ngazi taratibu, akachanganyika na watu wa mtaani. Hajarudi tena.