Bastola Niliyoipeleka Mbele ya Ndugu

Nilipoishika mara ya kwanza nilisahau kwamba nimeokoka. Duka la bunduki lilikuwa upande wetu wa Virginia, huko Marekani, karibu na fleti za Falls Church tulikokuwa tunakaa, na niliingia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepita mbele ya dirisha lake kwa siku kadhaa nikiliangalia kwa pembe ya jicho, kama mtu aliyeacha pombe anavyoiangalia baa.

Muuzaji alikuwa mzee wa Kimarekani, mpole, miwani yake imening'inia shingoni. Alitandaza kitambaa juu ya kaunta akaweka rivolva mbili, zile bastola zenye silinda inayozunguka. Zote zilikuwa ndogo za kuingia mfukoni. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, na sikuitazama mara mbili. Ya pili bei yake ilikuwa karibu maradufu, nayo ndiyo iliyonichukua. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mzee yule wala hakujisumbua kuisifu.

Nilianza kuzipima sifa zake, na sikuacha kwa majuma. Mbali na kitako cha mbao, pale pa kushikia, ilikuwa ya chuma kitupu kisichoshika kutu, kwa hiyo ilikuwa nzito kuliko zile za aluminiamu. Lakini mzee alinieleza kwamba uzito huo ndio unaomeza mshtuko risasi inapotoka, na kwamba zile nyepesi humuuma mwenyewe mkononi. Kingo zake zote zilikuwa zimelainishwa zisikwaruze mfuko. Nyundo yake ilikuwa imefunikwa isinase kwenye nguo. Ukivuta kifyatulio, kilikwenda mwendo mmoja laini tangu mwanzo hadi mwisho, bila kusita popote. Haikuwa na kitasa cha usalama cha kusahau kukifungua, wala haikwami kama zile za kisasa zinazojaa risasi nyingi. Ubaya wake nao niliupima, nisije nikaonekana mjinga: ilibeba risasi chache, mtutu wake ulikuwa mfupi mno kulenga mbali, na bei ile ilikuwa dhambi peke yake.

Kazi yangu miaka hiyo ilikuwa kukagua kompyuta za ofisi zisije zikachanganyikiwa mwaka elfu mbili ukifika. Kutwa nzima nilishika plastiki. Kila kitu nilichokigusa kilikuwa chepesi, cha rangi ya uji, na kilitengenezwa ili kitupwe. Labda ndiyo sababu kitu kile kidogo cha chuma kilinishika roho namna ile. Sikuwa na adui yeyote. Niliipenda tu, na kuipenda huko kulinitia aibu hata nikiwa peke yangu.

Ningeweza kuinunua nikanyamaza. Lakini mimi nimelelewa na watu wa uamsho, huko bara Kenya, ambako mtu aliyeokoka hanunui kitu kikubwa kisirisiri. Iwe ng'ombe, iwe pikipiki, jambo huletwa mbele ya ndugu, likatazamwa nuruni, nao wakasema neno. Baba yangu alikaa miaka bila redio kwa sababu ndugu waliona ina kiburi. Desturi hiyo tulihama nayo. Tulikutana Jumapili alasiri katika fleti moja ya Wheaton, Wakenya wengi pamoja na Wakongo na Warundi wachache, na mle ndani nimesikia kochi la ngozi likijadiliwa hadi chai ikapoa. Mtu akificha jambo, hata kuimba huwa kunamshinda. Nami nilikuwa nimeanza kushindwa kuimba.

Basi nikatafuta njia ya katikati. Ningeileta bastola nuruni, ila ningeibadilishia sababu.

"Ndugu, nina mzigo," nilisema nikiwa nimesimama. "Mke wangu anatoka kazini usiku, kule Bladensburg, na anaendesha gari peke yake hadi nyumbani. Roho yangu haina amani. Nimeonelea ninunue bastola ndogo awe nayo."

Mke wangu aligeuka akanitazama. Alikuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee, zamu ya jioni, na asubuhi alikuwa chuoni akisomea uuguzi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Nyumbani nilikuwa nimeshaanza kumwita Sista, kama tunavyowaita wauguzi kwetu, naye alicheka kila mara na kuniambia nisimtangulie Mungu. Saa aliyokuwa akiingia mlangoni kutoka kazini, mimi nilikuwa nakoroma. Hiyo ndiyo roho iliyokosa amani.

Wa kwanza kusema alikuwa mama mmoja kutoka Bukavu, mtu wa maneno machache.

"Ndugu, mimi minasema bunduki hapana," alisema. "Kwetu tuliona bunduki mingi, haikulinda mutu hata moja. Shida si bunduki. Shida ni ile kazi ya mangaribi. Dada aache ile kazi, atafuta ingine ya asubui."

Ukimya uliofuata niliujua. Ni ule ukimya wa watu wanaoona kwamba jibu limepatikana. Kiongozi wetu, Mkenya mwenzangu aliyekuwa mlinzi wa jengo la ofisi huko mjini, aliitikia kwa kichwa polepole.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Ndugu yetu ametoa la moyoni, na Bwana ametujibu. Dada, si u-apply morning shift?"

"Asubuhi niko class," mke wangu alisema.

"Class itangoja, dada. Mume wako halali."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Neno moja lingetosha: kwamba nilikuwa nalala vizuri sana, kwamba kilichoninyima raha kilikuwa kipande cha chuma dukani. Nilitazama zulia. Nilijiambia kwamba atakataa mwenyewe, kwa kuwa ana ulimi, na mimi umenikata mara nyingi. Lakini alisimama akiwa na machozi.

"Sikujua kama mume wangu anabeba mzigo huu," alisema. "Nitaacha."

Waliimba. Mimi nilichezesha midomo.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa sababu zilikuwa nzuri. Mke wangu aliniandalia chapati katikati ya juma. Nilimsikia akimwambia dada yake kwenye simu, kwa sauti ya chini iliyojaa furaha, "Ananiogopea, wewe. Na vile huwa amenyamaza." Vitabu vyake vya uuguzi alivitoa mezani akavipanga chini ya kitanda, bila kulalamika. Kila wema wake uliniingia kama mwiba. Nilijua dawa ilikuwa mdomoni mwangu, na kila jioni niliimeza badala ya kuitema.

Na bado nilirudi dukani. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya yote, kwamba huku mwenzangu anafunga vitabu mimi nilikwenda kuiona tena. Ndugu walikuwa wamekataa, sikuwa na sababu wala kisingizio. Nilisema tu nataka kuilinganisha na nyingine yenye kitako cha mpira. Mzee akaziweka zote mbili kitambaani. Kile cha mbao kilijaa kiganjani mwangu kana kwamba kilichongwa kwa ajili yangu.

"Ni ya nani?" aliniuliza. Kabla ya hapo hakuwahi kuuliza.

"Ya mke wangu," nikasema. Uongo ukishazoea njia hauhitaji kuongozwa.

"Basi mlete," akasema. "Kitako huchaguliwa kwa mkono wa atakayeishika. Mkono wake ukoje? Vidole vifupi au virefu? Ana nguvu za kukivuta kifyatulio hiki?"

Majuma yote yale nilikuwa nimepima uzito, mtutu, kingo, nyundo, na vyote nilikuwa nimevipima kwa mkono wangu. Mkono wa mke wangu haukunijia akilini hata mara moja, hata kwa bahati mbaya. Niliirudisha kitambaani, nikamshukuru mzee, nikatoka.

Kesho yake ilikuwa siku ya mke wangu kurudisha sare za kazi. Nilichukua ruhusa kazini nikampeleka mwenyewe. Barabara kuu inayolizunguka jiji ilikuwa imejaa magari kama kawaida, na njia nzima alikuwa akinisimulia habari za bibi mmoja kule kazini ambaye hakubali dawa kutoka kwa mtu mwingine. Sare zilikuwa mapajani mwake, zimepigwa pasi. Niliegesha mbele ya jengo, nikazima gari, na kabla hajafungua mlango nikasema.

Nilimwambia yote, bila kuyapamba. Nilimwambia kuhusu dirisha la duka, kuhusu mbao na chuma, na kwamba nilimtumia yeye kama sababu kwa kuwa nilijua ndugu hawatanipa kitu kile kwa ajili ya kukipenda tu. Nikamwambia asiache kazi, wala asiache chuo. Nikasema Jumapili nitasimama niseme haya haya mbele ya wote. Nilisubiri hasira. Hasira yake naijua, ningeipokea kwa mikono miwili.

Alizikunjua sare akazikunja tena.

"Kwa hiyo hukuwa unaniogopea," alisema.

Hakuuliza kuhusu bastola. Wala chuo hakukitaja. Nilifungua mdomo kusema kwamba sasa naogopa, na ilikuwa kweli, lakini niliona litakavyosikika nikaufunga.

"Basi ngoja nikaombe kazi yangu," alisema, akashuka.

Walimrudishia zamu yake ile ile. Jumapili nilisimama Wheaton nikasema niliyoahidi, ndugu wakaniombea, na mama wa Bukavu akanishika mkono kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata mke wangu alihitimu. Bastola sikununua. Tangu juma lile sikulala tena kabla hajarudi, na jioni nilikuwa nikipiga simu kazini kwake kumuuliza kama amefika salama. Aliniitikia kila mara kwa adabu, "Nimefika, asante," na kila mara nilisikia kwamba haniamini.