Mchele wa Shamba la Juu

Katika bonde la Shiwan, huko Hunan, kila nyumba ina mchele wa kuuza na mchele wa kula. Wa kuuza hutoka mashamba ya chini, yanayopata maji ya mto unaopita kwenye kiwanda cha kuyeyusha zinki. Kiwanda kimefungwa siku nyingi, ila sumu yake, kadimiamu, imebaki kwenye tope na mpunga unaifyonza. Haina harufu wala rangi. Ukiila miaka, figo zinakwenda, kisha mifupa. Kwa hiyo mchele wa kula watu hununua dukani, wa kutoka kaskazini. Mzee Ouyang hupenda kusema, "Siku hizi hata panya wetu wanauliza kwanza, huu umetoka shamba gani?"

Zou Manying hakuwa akinunua. Alikuwa na vijishamba vitatu mlimani, juu kabisa ya kiwanda, vinavyonyweshwa na chemchemi. Mumewe alipokufa kwa figo, watu walimwambia aviache, ni mbali na goti lake bovu. Hakuviacha. Alivuna kwa mundu na kuteremsha magunia kwa mzegazega, mti begani na mzigo kila upande, akipumzika kila kona, ili binti yake Lianqiu asile kilichommaliza baba yake.

Lianqiu alipokwenda shule ya bweni mjini, Manying alikosa usingizi kwa ajili ya chakula cha huko. Akamuuliza Deshu, mdogo wake, mkuu wa kijiji. Huyu Deshu, Manying ndiye aliyemlea, mgongoni, tangu mama yao alipofariki.

"Dada, wasiwasi utakuua kabla ya kadimiamu," Deshu akacheka. "Shuleni wanapika mchele wa kaskazini. Nimeuona kwa macho yangu haya."

Manying akatulia moyo.

Baada ya mavuno Deshu akaja na mfuko. "Nijazie mchele wako wa juu. Wapimaji wanakuja. Upimwe, ujue unakula salama."

"Kumbe unanifikiria!"

"Nisipokufikiria wewe nimfikirie nani?"

Manying alipepeta na kuondoa punje zilizovunjika, asiaibike mbele ya wapimaji.

Haukupita muda, kipaza sauti cha kijiji kikatangaza: mchele wa Shiwan ni safi. Fataki zikalia mpaka kuku wakapanda juu ya paa. Watu wakasema ni ile chokaa waliyomwaga mashambani, imetibu udongo. Manying naye akaamini. Angewezaje kutoamini, siku ile watu walikuwa wanakumbatiana barabarani?

Lianqiu alikuja likizo fupi, akasimulia habari za mwezi mzima kwa jioni moja. "Halafu mama, siku hizi tunakula mchele wa kwetu! Mjomba ndiye anauleta. Wenzangu wananiita binti gunia."

Kesho yake Lianqiu akarudi shule, na Manying akaenda kumpongeza mdogo wake. Alimkuta wifi yake, Caixia, jikoni, anachota mchele kwenye gunia la kaskazini.

"Wifi, udongo umepona, bado mnanunua?"

"Umepona wapi?" Caixia akasema bila kugeuka. "Si wewe mwenyewe uliyetoa wa kupimwa?"

Kisha akageuka. Kikombe cha kupimia kikabaki hewani.

Deshu alikuwa mlangoni, amesikia.

"Dada, usianze. Miaka mingapi watu wanashindwa kuuza? Mimi nifanyeje, niwaangalie tu?"

"Uliniambia shuleni wanapika wa kaskazini."

"Wakati ule ulikuwa wa kaskazini."

"Na mfuko? Uliniambia upimwe kwa ajili yangu."

Deshu akakuna shingo, vilevile alivyokuwa akikuna utotoni alipoiba mayai. "Lianqiu nimemfikiria. Nitaongea na mpishi, awe anapikiwa wake pembeni. Hakuna atakayejua."

"Kwa hiyo ulijua anakula."

Caixia akasema kwa upole, "Wifi, huyu ni damu yako. Kaa, chai hii hapa."

Manying hakukaa. Kulipokucha alipanda basi la asubuhi, akashuka shuleni watoto wakiwa kwenye foleni ya chakula, akamwambia mwalimu mkuu yote, amesimama, goti likimuuma.

"Mama, hili ni jambo zito," mwalimu mkuu akasema. "Mchele wa kupimwa aliubadilisha nani?"

Manying alimtaja baba yao kwanza, kama watu wa Shiwan wanavyofanya kumtambulisha mtu, kisha akasema, "Zou Deshu. Mdogo wangu, tumbo moja."

Mwalimu mkuu akatoka mbio kwenda jikoni. Masufuria yakaanza kutolewa nje, watoto wakazomea kwa njaa. Lianqiu akaja, uso umemwiva kwa aibu, bakuli mkononi.

"Mama, wanasema umemshtaki mjomba. Amekufanya nini?"

Manying alitazama lile bakuli. Lilikuwa tupu, wali umeshaliwa mpaka punje ya mwisho.