Kivumbasi Kilichofungwa

Sokoni Mwembesongo, muuzaji alinipa kivumbasi kikavu ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipofungua fundo, harufu ya uvundo ilinirudisha kwa bibi, milimani.

Bibi alitundika mafungu ya kivumbasi chini ya paa, penye kivuli na hewa. Yalining'inia juu ya kitanda changu kama popo, yakinong'ona kila upepo ulipopita. Siku moja hofu ilinizidi. Nikayashindilia yote kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga, kukawa kimya.

Wiki hiyohiyo kifua cha mdogo wangu kilibana. Bibi alipotafuta majani ya kumfukiza, aliukuta mfuko umetoka jasho kwa ndani. Majani yalikuwa meusi, yameota ukungu mweupe.

“Nani ameyanyonga haya?”

“Mimi, bibi. Yalikuwa yananong'ona.”

“Yalikuwa yanakauka, mjukuu wangu.”

Akayatupa, akateremka bondeni mbio kutafuta mabichi. Nikabaki peke yangu na mdogo wangu. Pumzi yake ilikwaruza kifuani kwa sauti ileile kavu ya yale majani. Nikakaa nikiisikiliza, nikiomba isinyamaze.