Majivu kwenye majani chai yangu

Jameni, leo nimedanganya katikati ya shamba langu, na nimeokoka!

Chebet, binti ya jirani, amerudi kutoka chuo kikuu. Anasomea udongo na mimea. Mamake hutusimulia kila Jumapili mpaka tunachoka.

Nikamwonyesha majani chai yangu yaliyogeuka manjano. Nilitaka ashindwe, Mungu anisamehe.

Akachimba, akafikicha udongo.
"Mama, nani humwaga majivu hapa? Majani chai hayapendi majivu."

Ni mimi! Miaka miwili, nikitaka yashinde ya mamake.

"Labda ni upepo kutoka jikoni," nikasema.
Akatazama jikoni, kule mbali. Akakung'uta udongo mikononi.

Amesema nikiacha majivu, yatapona. Dawa ya wivu hakunipa.

Niombeeni. Lakini mamake asijue!