Mshono Usiofumuka

Kwa miaka thelathini na minane mzee huyu alishona viti: vya sebuleni, vya ofisini, vya vinyozi, vya magari. Mteja akiuliza kazi itadumu kwa muda gani, mzee alishika mshono kwa mikono miwili, akauvuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akasema, "Haufumuki." Basi wakamwita hivyo hivyo, Haufumuki, na jina likamganda. Hata marehemu mkewe alilitumia akiwa na hasira: "Haya, Haufumuki, njoo ule, chakula kinapoa."

Alipostaafu, macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Sindano moja aliiona mbili, na ilimbidi ajaribu mara tatu kabla ya kutunga uzi. Hilo hakumwambia mtu. Kila kitu nyumbani alikitengeneza mwenyewe, bomba, kitasa, paa, na kumwita fundi mwingine kwake ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni.

Binti yake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi, aliponunua gari lake la kwanza, lilikuwa limetumika sana na viti vyake vimechakaa.

"Kuna duka linauza vitambaa vya viti, baba. Unavalisha tu, dakika tano."

"Unavalisha? Kwani kiti ni mtoto?" Mzee alicheka kwa dharau. "Viti vya mwanangu vishonwe na watu baki, na mimi niko hai? Niachie gari wiki moja."

Akaliegesha uani. Alifungua boliti nne za kiti cha dereva, akachomoa plagi ya njano iliyokuwa chini yake, akakibeba kiti mpaka barazani. Cha abiria kikafuata. Alipoanza kufumua ngozi ya zamani akakuta jambo lililomchekesha. Kote mshono ulikuwa imara, isipokuwa ubavuni mwa kiti, upande wa mlango. Hapo walipitisha uzi mwembamba, mmoja, kama ule wa kupigia bandi nguo inayosubiri kushonwa. Ukiugusa tu, unakatika.

"Wazembe!" alisema peke yake. "Saa ya kwenda nyumbani ilikuwa imefika, hawa."

Kando ya mshono huo kulikuwa na kilebo kidogo cha kitambaa chenye maandishi. Hakutafuta miwani. Alikikata kwa mkasi, maana kingemkwaruza mtoto wake mkononi, akakitupa kwenye kopo la mabaki. Kisha akashona ngozi mpya, na pale ubavuni akatia uzi wa nailoni mara mbili, akavuta, akafunga. Alifanya kazi siku nne, akisimama kila mara kufuta machozi ya macho yaliyochoka. Nami sitamnyima haki yake: mshono ule ulinyooka kama uliopigwa kwa rula. Alijua hatashona mwingine kama huo.

Siku ya tatu, viti vikiwa bado barazani, mvua ilitishia na vioo vya gari vilikuwa wazi. Mzee alikimbia, akawasha swichi, akapandisha vioo. Hapo ndipo taa nyekundu ilipowaka kwenye dashibodi: picha ya mtu aliyekaa, na mpira mbele ya kifua chake. Viti vikarudishwa, plagi ikachomekwa, taa ikabaki pale pale. Alikwangua vichwa vya betri, akachomoa fyuzi akazirudisha, akapiga dashibodi makofi. Mwisho akakata kiduara cha ngozi nyeusi kutoka kwenye mabaki na kukibandika juu ya taa.

Binti alipokuja alikaa, akapapasa viti. Kisha akasema, "Baba, hata magari ya wakubwa hayana hivi." Mzee akatazama pembeni ili asionekane uso wake. Lakini mwalimu ni mwalimu, jicho lake halipitwi na kitu.

"Na hiki nini? Umelishonea gari kiraka kwenye jicho?" Akakibandua. "Hii ni taa ya mfuko wa hewa. Kesho mpelekee Mama Nyaya. Mimi silali na taa nyekundu."

Mama Nyaya alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke wa makamo aliyefunga kitambaa kichwani na kuning'iniza miwani shingoni. Mzee alifika kwake uso umekunjamana. Yule mama alichomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma.

"Uliwasha swichi viti vikiwa nje, mzee wangu?"

"Mvua ilikuwa inakuja."

"Basi ni hilo tu. Plagi ya njano ikiwa imechomolewa na swichi ikawashwa, gari linaandika kosa, na halilifuti mpaka lifutiwe." Akabonyeza mara mbili. Taa ikazima.

Mzee alikwisha kushika mlango aondoke. Mama Nyaya alikuwa anatoka garini, mkono wake umeegemea kiti, na mkono huo ukasimama ubavuni.

"Hapa ulishona kwa uzi gani?"

"Nailoni. Mara mbili." Alisema kwa fahari. "Wa kiwandani ulikuwa uchafu mtupu."

"Na kilebo kilichokuwa hapa?"

"Nilikikata."

Mama Nyaya alivaa miwani, akautazama mshono muda mrefu. "Kazi nzuri, sitasema uongo. Lakini huu mshono uliwekwa ili ufumuke. Gari likigongwa ubavuni, mfuko wa hewa unatokea hapa hapa, unakaa kati ya mtu na mlango. Sasa wewe umeuzibia njia. Utatokea wapi?"

"Lakini taa imezima."

"Mashine inasoma nyaya, mzee wangu. Haisomi uzi. Nenda ukafumue leo, umtafutie mwanao ngozi iliyotengenezwa kwa kiti hiki. Asiendeshe kabla ya hapo."

"Nitafumua," alisema mzee.

Alifika nyumbani, akachukua wembe, akaketi kwenye kiti cha nyuma akikitazama kile cha dereva. Aliupitisha ukucha juu ya mshono, juu mpaka chini. Kuufumua ni kumwambia binti kwamba baba yake hakujua. Ni kumwacha aende kwa watu baki. Ni kukiri kwamba kazi yake ya mwisho maishani ilikuwa kosa. Akaurudisha wembe kwenye karatasi yake. Jumapili, alijiambia.

Jioni binti alikuja kuchukua gari. "Mama Nyaya amesema nini?"

Hapo ndipo pa kumshika mzee huyu shati na kumtikisa. Neno moja tu lilitakiwa, "bado," na binti angepanda basi bila manung'uniko. Mdomo ulikuwa wake, ulimi ulikuwa wake.

"Amesema safi," mzee alijibu.

Binti akambusu shavuni, akawasha gari, dashibodi haina hata doa jekundu, akaondoka akipiga honi.

Jumapili ya kwanza kulikuwa na mazishi. Ya pili ilinyesha. Ya tatu binti alikuwa safarini na walimu wenzake. Ya nne hapakuwa na sababu yoyote: binti alikuja kumtembelea, na gari likakaa uani tangu asubuhi hadi alasiri. Mzee alilizunguka mara mbili, akaingia ndani, akalala. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo aliijua tangu utotoni, na alikuwa hodari wa kuwaambia wengine.

Jumanne asubuhi, kwenye njia panda karibu na shule, gari la kusambaza mikate halikusimama. Liliingia mlango wa dereva. Binti alivunjika mbavu nne na mtulinga, pafu moja likatobolewa. Daktari alimwambia mzee kwamba atapona, ila mkono wa kulia, ule wa kuandikia ubaoni, huenda usinyanyuke tena kupita bega.

Kabla ya kuruhusiwa kumwona, mzee alitumwa kituo cha polisi akachukue madaftari ya wanafunzi yaliyobaki garini. Mlango ulikuwa umekunjwa hadi kwenye usukani. Aliinama, akaweka kiganja ubavuni mwa kiti. Chini ya ngozi palikuwa pametuna, kitu kimejaribu kutoka kikashindwa. Alipapasa mshono kwa kidole, juu mpaka chini, akitafuta penye uzi uliokatika hata mmoja. Hakupata. Akakaa chini kwenye changarawe, madaftari yamemwagika mapajani, akalia kwa sauti mbele ya askari.

Hospitalini binti alikuwa amelala ameinuliwa kwa mito, mrija ubavuni. Alizungumza kwa vipande, akivuta pumzi kila maneno mawili.

"Umeliona gari, baba?"

"Nimeliona, mama."

"Wale walionitoa... walisema vioo vyote vimekwisha, mlango umekwisha... lakini kiti hakijachanika hata kidogo." Alitabasamu, akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili. "Nilikwambia. Ndiye huyu baba yangu. Akishona... haufumuki."

"Hongera, mzee," alisema yule mgonjwa. "Watu wa kazi kama yako wamebaki wachache."

Mzee alifungua kinywa. Binti alikuwa akimtazama, anasubiri, uso umejaa fahari.

"Asante," alisema.